Sehemu Nyingine za Kondoo

Saa moja na dakika kumi asubuhi ya Jumanne, Pisila Taufa alipasua boksi la sipi kwa kisu cha mkate, akachomoa nyama iliyoganda na kuilaza kwenye meza ya msumeno. Sipi ni ukanda wa ubavu na tumbo la kondoo: mifupa myembamba, nyama kidogo ya kudanganyia macho, halafu mafuta, halafu mafuta mengine. Huko wanakofugwa kondoo wenyewe, ukanda huu haufiki mezani. Unatiwa kwenye maboksi, unagandishwa, unapakiwa melini na kuletwa Tonga, ambako watu wanaula kwa hamu na kuzikana.

Duka lilikuwa kibanda cha mbao kwenye njia iendayo Mu'a, lenye dirisha moja la wavu wa chuma na uwazi wa kupitishia bidhaa. Pisila aliuza unga, kiberiti, samaki wa kopo, tambi za pakiti na sipi. Hasa sipi. Kwa miaka kumi na moja mafuta hayo yalikaa chini ya kucha zake na hakuna sabuni iliyoyatoa. Yalikuwa kwenye kitasa cha mlango, kwenye kurasa za Biblia yake, kwenye mpini wa mswaki. Nyama ya aina yoyote ilikuwa imemshinda tangu zamani, na hilo hakumwambia mtu, maana muuza sipi asiyekula sipi hutazamwa vibaya.

Nje ya wavu alisimama Shangazi Ungatea, dada wa marehemu baba mkwe wake. Katika ukoo wowote wa huko, shangazi hapangi foleni wala hakataliwi kitu. Akitaka mkeka wako anauchukua, na wewe unamsaidia kuukunja.

"Kata ndogondogo, mkwe," alisema Shangazi. "Mume wangu Feleti meno yamemwisha. Siku hizi ananyonya tu mafuta."

"Sawa, Shangazi."

Kipande kimoja kilikuwa kimetangulia kuyeyuka kwenye beseni. Kikasema, "Samahani. Sehemu zangu nyingine ziko wapi?"

Kilisema kwa Kitonga safi, chenye lafudhi kidogo ya watu waliozaliwa Auckland. Pisila akazima msumeno ili asikie vizuri. Kikauliza tena, kwa adabu ileile.

"Kiambie kisubiri zamu yake," alisema Shangazi. "Mimi ndiye niliyetangulia."

Kufikia Ijumaa sipi yote ya kijiji ilikuwa ikiuliza. Ikiwa imeganda ilinyamaza; ikianza kulainika iliuliza, na ndani ya sufuria iliendelea kuuliza mpaka maji yachemke. Watu walizoea kabla wiki haijaisha. Lalamiko lilikuwa moja tu, kwamba nyama inaingilia sala ya asubuhi. Jumapili, baada ya matangazo ya kwaya, mchungaji alitoa mwongozo: nyama iruhusiwe kuuliza hadi chakula kiombewe, na baada ya amina inyamaze. Nayo ikatii, maana ilikuwa na adabu kuliko walaji wake.

Afisa afya alikuja na fomu. Akabonyeza, akanusa, akasikiliza. Fomu ilikuwa na nafasi ya rangi, ya harufu na ya ubaridi, na kote akaandika "nzuri".

"Na maswali yake?" Pisila alimwuliza.

"Muhuri upo kwenye boksi?"

"Upo."

"Basi, mama. Kuuliza siyo ugonjwa." Akaondoka na kilo mbili.

Mume wa Pisila aliitwa Kilioni. Alikuwa mtu mkubwa, mcheshi, aliyeimba besi kanisani kiasi cha kutikisa viti, na watu walimpenda. Tangu Pasaka alikuwa na kidonda kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto. Nesi wa zahanati alimweleza habari ya kisukari chake mara tatu, mara ya tatu kwa kupiga meza, akamwambia mafuta yale yataondoka na mguu. Kilioni alimshukuru kwa moyo wote. Kila jioni aliuweka mguu kwenye kigoda, umefungwa kitambaa chenye doa la manjano, na juu ya mapaja akaweka sahani ya sipi na muhogo wa kuchemsha. Harufu ya kidonda na harufu ya sahani zilikutana katikati ya chumba, na Pisila akawa hajui ni ipi inayompandisha kichefuchefu.

"Sehemu zangu nyingine ziko wapi?" sipi iliuliza.

"Mimi mwenyewe naulizia chumvi na sijapata," Kilioni aliijibu, kisha akaombea chakula kwa sauti nzito.

Pisila hakucheka. Alikuwa mtu wa kanisa na malezi, na kumwacha mgeni aliwe na swali mdomoni kulimtia kinyaa kuliko hata yale mafuta. Jumatatu alimpigia simu Havili, wakala wa jumla mjini Nuku'alofa, ambaye maboksi yote yalipitia kwake.

"Havili, hii nyama inauliza sehemu zake nyingine."

"Najua, dada. Ghala zima linauliza. Nimenunua redio."

"Sasa ziko wapi?"

"Zipi?"

"Mapaja. Mgongo. Minofu."

Havili alicheka mpaka akakohoa. "Minofu ina wenyewe, dada Pisila. Mapaja wanayala hukohuko kwao, na mvinyo pembeni. Hiki kinachobaki, ambacho hata mbwa wao wamekatazwa na daktari, ndiyo riziki yako na yangu. Nikuwekee maboksi mangapi?"

Pisila alikata simu, akaenda kwenye beseni, akakieleza kipande kilichokuwa juu kila alichoambiwa, bila kupunguza neno.

"Na sisi tuliobaki?"

"Nyinyi mmeletwa kwetu."

"Mlituomba?"

Pisila akafikiri. "Hatukuomba. Tumezoea."

"Ahsante," kilisema kile kipande, na jioni Kilioni akakila.

Usiku huo Pisila hakulala vizuri, na asubuhi alitapika nyuma ya duka, akijishikilia kwenye pipa la maji. Alimchukia Havili, akaichukia meli, akawachukia wale wenye mvinyo wao. Kisha akajichukia mwenyewe, na hapo akakaa muda mrefu zaidi, kwa sababu ni yeye aliyekuwa na msumeno. Alikuwa na dada Auckland aliyemwita kila mwaka akasafishe ofisi. Alifikiria kufunga duka. Akawaza pia kwamba akifunga, Kilioni atapata sipi kwa mwingine siku hiyohiyo, na yeye atakuwa amebaki bila mume mzima na bila duka.

Hakuagiza sipi tena. Ile iliyobaki aliizika nyuma ya uzio, akiwa ameijibu yote, kipande kwa kipande. Ilimchukua siku nzima.

Kabla ya friza kuingia katika duka lile, Pisila alikuwa mpishi wa lu. Mama yake alimfundisha: majani ya magimbi unayapanga kiganjani, makubwa chini, machanga juu, katikati unatia samaki au pweza, kitunguu, chumvi na tui zito, unakunja, unavisha jani la mgomba, unazika kwenye tanuri la mawe. Alilifungua duka kwa ajili ya lu ya Jumamosi, watu waile Jumapili wakitoka kanisani. Friza ilipokuja, tanuri liliota nyasi.

Sasa aling'oa zile nyasi. Jumamosi ya kwanza aliharibu kila kitu. Mikono ilikuwa imezoea haraka ya msumeno, akalifukua tanuri kabla ya wakati, na majani ya magimbi yasipoiva sawasawa huwasha koo. Jumapili mchana nusu ya kijiji ilikuwa inajikuna shingo. Ibada ya jioni, kwaya ilikohoa wimbo mzima kuanzia sauti ya kwanza hadi besi.

"Mkwe," Shangazi Ungatea alimwambia mlangoni mwa kanisa, macho yakimchuruzika, "ulitupikia magimbi au upupu?"

Pisila aliona haya, halafu akacheka, na kicheko chenyewe kikamshangaza kuliko nyama yoyote iliyowahi kusema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kwa miaka kuharibu kitu ambacho kilikuwa na namna ya kuharibika. Sipi huwezi kuiharibu. Imekuja imeharibika.

Jumamosi iliyofuata aliyasubiri mawe. Aliamka kabla ya majogoo, akavunja majani kwa mkono, jani kwa jani, akitupa yenye matundu. Akakuna nazi mpaka bega likauma. Lu zilitoka laini, tui limeingia hadi kwenye mishipa ya jani, pweza anakatika kwa ulimi. Kufikia saa nne hakuna iliyobaki.

Tangu hapo ilikuwa kama amerudishiwa duka lake na mtu aliyekuwa ameliazima. Alipaka dirisha rangi ya buluu. Alikumbuka nani anapenda vitunguu vingi, nani hataki chumvi kwa ajili ya presha, mjane gani anataka lu ndogo asiione aibu ya kubakiza. Watu walikaa dirishani wakipiga soga, naye hakutamani waondoke. Alijikuta anaimba, tena vibaya. Siku moja alishika kitasa cha mlango na hakikuteleza, akasimama pale akikishika na kukiachia, na furaha ikampanda mpaka ikabidi akae chini. Wakati huo kidole cha Kilioni kilikuwa kimegeuka cheusi. Nyumbani alikula lu, akaisifu, akaomba nyingine. Halafu alipitia kwa Shangazi kumsalimia, na akarudi na midomo inayong'aa.

Alhamisi moja Feleti, mume wa Shangazi, alifariki. Kisukari kilikuwa kimemchukua mguu mmoja mwaka juzi na wa pili mwaka jana, kwa hiyo seremala alipunguza ubao na jeneza likatoka fupi. Msiba huko una utaratibu wake. Kila nyumba ya ukoo inaingia na mikeka, nguo za magome ya miti na maboksi ya sipi, vinawekwa chini mbele ya msemaji wa ukoo, naye anaishukuru kila nyumba kwa sauti, wafiwa na majirani wakisikia.

Shangazi alikuja dirishani akiwa amevaa mkeka wa matanga uliomfunika hadi kidevuni.

"Nyumba yenu italeta maboksi kumi, mkwe."

"Pole sana, Shangazi. Ila sipi siuzi tena."

"Sijakuuliza unauza nini. Nakwambia mtaleta nini."

"Nitaleta lu mia mbili. Za moto."

Shangazi alimtazama kupitia wavu. "Feleti aliipenda lu ya mama yako," alisema, akaenda zake.

Pisila akalichukua hilo kuwa ndiyo. Alifanya kazi siku mbili, akawalipa wanawake wawili wamsaidie kukuna nazi, akafukua tanuri mara tano. Jambo ambalo hata mtoto wa huko analijua lilimtoka kabisa kichwani kwa furaha: chakula kilichopikwa hakipiti mbele ya msemaji. Kinaingilia mlango wa nyuma, kinapokewa jikoni, kinaliwa. Hakiwezi kulundikwa kikaonekana, kwa hiyo huhesabiwa hakikuletwa.

Alipofika na vikapu vyake vinavyotoa moshi alielekezwa jikoni. Akiwa bado amevishika, akasikia sauti ya msemaji kutoka uwanjani.

"Ahsanteni, nyumba ya Kilioni! Ahsanteni kwa mzigo mzito! Mmetufuta machozi!"

Pisila alichungulia. Lori la Havili lilikuwa limerudi nyuma hadi kwenye turubai, na vijana walikuwa wakishusha maboksi. Yalikuwa kumi na mawili. Kilioni alisimama kando akiegemea fimbo, kichwa ameinamisha kwa heshima.

Yalikuwa maboksi mengi siku ile, na jua lilikuwa kali. Kufikia saa sita yalianza kuvuja, na ndani yake ikatoka sauti moja, halafu nyingine, halafu zote pamoja: samahani, sehemu zetu nyingine ziko wapi. Mbele ya lundo hilo lilikaa jeneza fupi. Wakubwa walikaa katikati, kati ya jeneza na maboksi, na kila mmoja alipata kitu cha kutazama kwenye kucha zake.

"Mchungaji," alisema Shangazi kutoka kwenye mkeka wake wa juu, "ombea chakula upesi."

Mchungaji akaombea. Baada ya amina pakawa kimya, na watu wakala sipi iliyokwisha kupikwa tangu asubuhi. Walikula kwa vidole kumi. Mafuta yaliganda midomoni mwao yakawa meupe, yakashuka kwenye videvu, yakadondokea nguo nyeusi za matanga. Waliwafuta watoto machozi kwa mikono hiyohiyo. Pisila aliwatazama watu wake, aliowapenda, na hakutaka kuguswa na yeyote.

Alimkuta Kilioni nyuma ya turubai, sahani mkononi.

"Ulinunua kwa siri."

"Nilikuokoa, mke wangu. Msemaji angesema nini? 'Ahsanteni kwa majani'? Tungeweka wapi nyuso zetu?"

"Na kidole chako?"

"Kidole tumwachie nesi. Leo ni siku ya Feleti." Akang'ata. "Shangazi amefurahi. Umeona alivyofurahi?"

Pisila aliona. Ili kusizuke ugomvi msibani, akarudi jikoni. Wapishi walikuwa wamesimama kuzunguka vikapu vyake, wanakula lu bila kuketi, wananyonya vidole. Hawakubakiza hata moja. Jumatatu walipanga mstari kwenye dirisha la buluu, na waliokuja matangani kutoka vijiji vingine wakatuma watu. Akaanza kufukua tanuri Jumatano pia.

Havili alikuja kununua ule msumeno, kisha akaweka kontena ng'ambo ya barabara, akiuza sipi yenyewe imekatwa tayari. Alifunga kipaza sauti chenye nyimbo za dini ili wateja wasisumbuliwe. Watu wengi walianza kwake, wakamalizia kwa Pisila, na Jumapili waliweka vyote kwenye sahani moja, lu upande huu, sipi upande ule.

"Tunafanya kazi pamoja, dada," Havili alimpungia mkono.

"Wewe fanya yako," alijibu Pisila, na kurudi kwenye majani yake. Kazi yake aliipenda. Hilo halikupungua hata chembe, na kwake ndilo lililokuwa gumu kuelewa.

Mwezi wa nane homa ilimwangusha Kilioni kwenye mazoezi ya kwaya. Ijumaa hospitali ilimkata mguu wa kushoto chini ya goti. Jumamosi alfajiri mhudumu alimletea Pisila mguu huo ili ukoo ukauzike, kama desturi. Ulikuwa umelala kwenye chumba cha baridi, na alikuwa ameutia ndani ya boksi la sipi.

"Utuwie radhi, mama. Hatuna kingine chenye ukubwa huu."

Ubavuni mwa boksi kulikuwa na muhuri, na picha ya kondoo mzima kwenye majani mabichi. Pisila alilipakata kwenye gari la jirani, kiti cha mbele. Walipofika nusu ya njia, boksi lilikuwa limelowa chini.

"Samahani," ulisema mguu, kwa sauti nzito ya besi. "Sehemu zangu nyingine ziko wapi?"

Jirani alipunguza redio, akasikiliza, akaiongeza kidogo.

"Ziko wodini, kitanda cha sita," Pisila aliujibu. "Ziliamka jana saa kumi zikauliza kama kuna sipi."

"Zikapewa?"

"Shangazi alikuwa ameleta."

Kwenye kona ya kanisa mguu ukauliza tena.

"Na mwenzangu wa kulia, yupo?"

"Yupo bado."

"Mwambie namsubiri."

"Nitamwambia."

Makaburini udongo ulikuwa laini kwa mvua ya usiku, na alikuwa na jembe zuri, kwa hiyo alichimba shimo la kutosha miguu miwili, akauweka ule mmoja upande wa kushoto. Kisha akanawa mikono, akaenda kufukua tanuri alilolifunika usiku. Lu zilikuwa zimeiva vizuri sana.